Mbiu ya Casilda Arnedo

Ukiingia Villarmuela kwa barabara ya bwawa, kabla hujaona mnara wa kanisa unaona bango. KARIBU KWENYE MJI WA BINGWA, ndivyo lisemavyo, na chini ya maneno yupo Casilda Arnedo akiwa kijana, amekumbatia kikombe, meno yote nje. Bango hilo lina uongo mara mbili. Casilda hakuwahi kuwa bingwa wa kitu ambacho mtu mwenye akili zake angekijengea bango. Na kile kikombe alikipata kwenye mashindano ya wauza nyama wa mkoa, ambako zawadi yenyewe ilikuwa paja la nguruwe la kukaushwa. Kikombe kilikuwa nyongeza tu, na paja liliisha nyumbani kwao hata Noeli haijafika.

Hayo yeye mwenyewe hakuyaficha. Alicheza tenisi ya kulipwa tangu usichana wake hadi goti la pili lilipomgomea, na katika wanawake wote wa dunia waliokuwa wakila kwa raketi, siku yake nzuri kuliko zote alikuwa wa tisini na moja. Wiki iliyofuata alirudi nyuma ya mia, wala hakuonekana tena huko juu. Alilala kwenye nyumba za wageni zilizo jirani na stesheni za treni, akafua sketi zake kwenye beseni la kunawia uso, akajifunza kufunga nyuzi za raketi kwa mikono yake ili asimlipe mtu. Mara moja tu, Paris, alimtoa mwanamke aliyekuwa wa saba duniani, na huyo maskini alikuwa ameamka na tumbo la kuendesha, kila mara anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kesho kutwa yake Casilda akakutana na msichana wa Kiromania mwenye tumbo zima. Mama yake, Práxedes, aliyekuwa akitazama kwenye televisheni, alikwenda jikoni kugeuza kimanda cha viazi. Aliporudi akakuta wanaonyesha wanaume.

"Imeishaje?" akamuuliza mumewe.

"Imeisha," mumewe akasema.

Lakini habari ya Paris ilipofika mjini ilikuwa imeshanenepa njiani. Siku ya kwanza Casilda amemshinda wa saba. Siku ya pili yule wa saba amekuwa wa kwanza. Kufikia mavuno ya lozi alikuwa ameshinda Paris nzima, na mwenye baa akatundika picha yake baina ya Moyo Mtakatifu na kalenda ya matairi. Casilda aliporudi kupumzika alisimama katikati ya baa, mbele ya watu na glasi zao, akasema, "Jamani, sikushinda Paris. Nilishinda mechi moja ya Paris."

Watu wakatazamana, machozi yakiwalengalenga.

"Mmemsikia? Hana makuu kabisa!"

Tangu hapo, kila alipojaribu kusema ukweli aliongezewa sifa. Akisema alikuwa wa tisini na moja, wanaambiana kwamba tawi lenye matunda ndilo huinama. Akikasirika, wanasema ni uchovu wa mabingwa. Mwisho alinyamaza, nako kunyamaza kukahesabiwa utakatifu.

Alipostaafu alikaa kwenye kisiwa kimoja miaka kadhaa, akiwafundisha watalii wa hoteli kushika raketi, ingawa watalii walichotaka hasa ni kupigwa picha wakiwa wameishika. Kisha baba akafariki, Mungu amweke pema, na mama akateleza ngazini akavunjika nyonga. Casilda akarudi Villarmuela na magoti ya bibi kizee, mfuko wa raketi, na hamu moja tu moyoni. Hamu hiyo ilikuwa kiwanja.

Kiwanja hicho kiliachwa na mainjinia waliojenga bwawa, zamani, enzi za utawala wa Jenerali. Bwawa lilipojaa walipakia wake zao na vinywaji vyao wakaenda zao, wakaacha mstatili wa udongo mwekundu uliozungushiwa waya, ambao mji mzima haukujua ni wa kazi gani. Watu wakaanikia pilipili. Ni baba yake Casilda, mlinzi wa bwawa, aliyeziondoa pilipili, akafagia, akachora mistari kwa chokaa, akampa binti yake raketi aliyoiokota nyuma ya kantini. Sasa Casilda naye alifundisha hapo watoto wa mji, nusu yao wameletwa na bibi zao ili nyumba zipate kutulia. Wazazi walimlipa walichoweza, na kwa hicho yeye na mama yake waliishi. Hakuwa na kazi nyingine, na Villarmuela hakuna nyingine, isipokuwa kutikisa milozi.

Meya wa mji alikuwa Wenceslao Cubillo, aliyekaa dawati moja na Casilda darasa la kwanza. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri na kumbukumbu fupi, na mambo hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja, huyo hana budi kuchaguliwa. Siku moja ya Julai alibisha mlangoni kwa Casilda, kitambaa chekundu kichwani kama mtu aliyetoka mazoezini, karatasi kubwa iliyoviringishwa kwapani.

"Casi, dada yangu! Kaa kwanza, usije ukaanguka kwa furaha."

"Nimekaa, Wenceslao."

"Mwaka huu mpiga mbiu wa sikukuu ni wewe! Roshani ya baraza, kipaza sauti, mji wote chini yako. Baraza limepitisha kwa kauli moja, hata upinzani."

"Upinzani ni mtu mmoja, na ni shemeji yako."

"Ndiyo maana nasema kauli moja. Tazama sasa." Akaifungua karatasi juu ya meza, akaikandamiza kwa bakuli la chumvi na kiwiko. Palichorwa maboksi manne ya vioo, na juu yake kwa herufi nene: VIWANJA VYA PADELI VYA CASILDA ARNEDO.

Padeli iliingia nchi ile kama mafua. Ni mchezo wa watu wanne ndani ya boksi la vioo, kila mmoja na kibao kifupi chenye matundu. Mpira unagonga ukuta na kurudi wenyewe hata kwa mtu asiyejua kucheza, ndiyo sababu unapendwa na wasiojua kucheza.

"Vizuri," Casilda akasema polepole. "Na kiwanja cha tenisi?"

"Kipi?"

"Kipo kimoja, Wenceslao. Ninachofundishia."

"Ah, hicho! Ndicho hicho! Ni pale pale! Jumatatu baada ya sikukuu tingatinga linaingia, na Noeli tunakata utepe."

"Yaani unabomoa kiwanja cha tenisi ili kumheshimu mchezaji wa tenisi."

Meya akakunja uso. "Ukilisema hivyo linasikika vibaya. Sema hivi: tunakikuza."

"Na watoto?"

"Watacheza padeli! Nani anacheza tenisi siku hizi? Tenisi ina upweke, Casi, wewe mwenyewe unajua, hata hukuolewa. Padeli ni udugu. Mfamasia anacheza. Daktari wa meno anacheza. Mimi mwenyewe, hebu niangalie, nimepungua tundu zima la mkanda."

Casilda alimtazama. Tumbo lilikuwa limekaa juu ya mkanda kama paka juu ya ukuta.

"Nikiikataa mbiu je?"

"Utamkataa Mama wa Kisima?" Meya akauliza kwa upole, akaanza kuviringisha karatasi yake.

Hapo alikuwa amemweza. Mtu wa Villarmuela atakataa kodi, atakataa jeshi, atakataa hata ndoa akiwa ameshafika altareni, na watu watamsamehe. Lakini mbiu ya sikukuu ya Bikira wa Kisima haikataliwi.

Mama Práxedes alikuwa jikoni akimenya maharage, mguu mbaya juu ya kigoda. Alikuwa amesikia yote, maana ukuta wa nyumba zile ni mwembamba na masikio yake hayakuvunjika pamoja na nyonga.

"Nitasema ukweli pale juu," Casilda akamwambia. "Mbele ya wote. Kwamba sikushinda lolote, na kwamba kiwanja kinabomolewa."

"Ukweli wako umeutwanga miaka yote hii, mwanangu. Umewahi kupata unga?"

"Watasikia, mama. Wana watoto wao pale."

"Watasikia, watalia, watapiga makofi, kisha watakwenda kula. Watu wetu wakishalia huona kazi wameimaliza."

Casilda akakaa kitako. "Basi nifanyeje? Kiwanja kikienda narudi kisiwani kwa watalii. Na wewe hutaki kuhama."

"Sihami. Baba yako yuko pale makaburini, na wa kumpangusia jiwe ni mimi." Mama akatupa ganda kwenye ndoo. "Pikipiki ya daktari wa mifugo umeisahau?"

Casilda hakuisahau, hakuna aliyeisahau. Desturi ni hii. Mwishoni mwa mbiu, mpiga mbiu huita mara tatu, "Aishi Mama wa Kisima!" na umati huitikia, "Aishi!" Tangu mwaka wa kipindupindu, kitu ambacho mpiga mbiu atamtolea Bikira kabla ya Aishi ya tatu, umati ukiitikia, huwa cha Bikira, na kilicho cha Bikira hakirudi. Wengi hutoa mshumaa au shada la maua, walilonunua mapema kwa hesabu zao. Lakini daktari wa mifugo alipanda roshanini na pombe ya anisi kichwani, uchungu wa imani ukamshika, akatoa pikipiki yake. Asubuhi akaitaka. Bi Obdulia, mkuu wa Chama cha Bikira, ambaye ndiye humvika Bikira mavazi yake, alimwonyesha altare akamwambia, "Mwenyewe yule pale, kamwombe." Pikipiki iko sakristia hadi leo, imefunikwa kitambaa cha lesi, na kila mkesha wa sikukuu akina mama wa chama huipiga stati ili isije ikafa.

"Lakini mtu hutoa kilicho chake," Casilda akasema. "Kiwanja si changu."

"Ni cha nani?"

Casilda akafikiri. Mainjinia walikwenda bila kuaga. Baraza lilishika ufunguo kwa kuwa palikuwa na ufunguo wa kushikwa. Hakuna aliyewahi kuuliza.

"Wenceslao akishika kipaza sauti hawezi kukiacha bila kugawa kitu," mama akasema. "Alipozindua josho la mbuzi aliwapa wachungaji mlima. Tulipomzika mwalimu mkuu alimpa marehemu shule. Mtu mkarimu sana wa vya watu. Wewe mvute tu."

"Na asipovutika?"

"Nitasali. Hebu osha hayo maharage."

Siku ya mbiu jua la jioni lilikuwa bado linachoma mawe ya uwanja wa baraza. Bikira wa Kisima alikuwa ameletwa hadi chini ya roshani, juu ya jukwaa lake la maua, amevaa joho la buluu, na pembeni yake Bi Obdulia kwa gauni jeusi, akijipepea, akiwaangalia watu wote kana kwamba atakuja kuulizwa habari zao. Juu walikuwa watatu: meya na kitambaa chake chekundu kichwani, Padre Fructuoso aliyekuwa akitokwa na jasho kimyakimya, na Casilda kwa viatu vilivyombana.

Meya akamtambulisha. Alimpa Casilda Paris, akampa London, akampa Roma ambako Casilda hakupita mchujo hata mwaka mmoja. Akasema kwamba mabingwa wengine hushinda kwa misuli lakini huyu alishinda kwa unyenyekevu. Akasema mwakani watoto watacheza ndani ya vioo vya kisasa, na mataifa yatakuja kuona. Watu wakapiga makofi. Casilda alikuwa akisikiliza neno moja tu, na neno hilo halikuja. Meya akamaliza, akafuta paji la uso, akamkabidhi kipaza sauti bila kugawa hata kichaka.

Casilda akatazama chini, akamwona mama yake kwenye kiti cha magurudumu, midomo ikicheza.

"Watu wa Villarmuela," akaanza, "mimi sikushinda Paris."

Kelele za shangwe. "Hana makuu!" akaita mwenye baa. Mwanamke mmoja alilia waziwazi.

"Sikushinda London. Roma sikuingia uwanjani. Bango lile mnaweza kuliondoa kesho."

Wakashangilia zaidi, na mtu akarusha kofia. Padre akamgusa kiwiko, akamnong'oneza, "Inapendeza sana, binti, lakini fupisha, tunaungua."

Sasa, kwenye tenisi lipo pigo moja ambalo Casilda alilijua kuliko yote. Nguvu hakujaliwa, hivyo akajifunza werevu. Mpinzani akiwa amesimama mbali nyuma, anangoja mpira wa kishindo, unaugusa mpira kidogo tu, taratibu, unadondoka hapo karibu na wavu kama embe bivu. Hapo yeye lazima aje mbio. Na mtu anayekuja mbio hajui kusimama.

"Kabla sijaita Aishi," akasema, na sauti yake ikawa ndogo, ya kuomba, "nina swali moja kwa Bwana Meya, maana mimi sikusoma. Kile kiwanja alichokifagia marehemu baba yangu, nikajifunzia pale utotoni... kwa haki kabisa, Bwana Meya, kile ni cha nani?"

Akamsogezea kipaza sauti.

Wenceslao alikipokea kama mtoto anavyopokea peremende. Hakufikiri, maana kufikiri si kazi ya roshani. "Ni cha nani?" akanguruma. "Wananchi, mnamsikia? Anauliza ni cha nani! Ni chako, Casilda Arnedo! Ni chako leo, ni chako kesho, ni chako daima na milele!"

Uwanja ukalipuka. Hata Padre alipiga makofi.

"Asante," Casilda akasema, akarudisha kipaza sauti mdomoni pake. "Aishi Mama wa Kisima!"

"Aishi!"

"Mama, vikombe vya kukutolea sina. Nakutolea kiwanja cha bwawa, ambacho umesikia kwa masikio yako kuwa ni changu. Aishi Mama wa Kisima!"

Sauti ya "Aishi!" iliyopanda juu ilitikisa njiwa kutoka mnarani. Bi Obdulia alikuwa ameacha kujipepea. Alimtazama meya, na kwa kuwa yeye alimtazama, akina mama wa chama wakamtazama, na kwa kuwa akina mama walimtazama, mji wote ukamtazama. Meya peke yake hakuwa ameitikia. Mtu asiyeitikia Aishi hachaguliwi Villarmuela hata kuwa mchunga bata.

"Bwana Meya," Casilda akasema, na kwa heshima akamsogezea kipaza sauti.

"Aishi," meya akasema, kama mtu anayemeza kijiwe.

Akaita ya tatu, na ikawa imekwisha.

Chumbani, nyuma ya roshani, Wenceslao alivua kitambaa chake na kukikamua. "Casi, umefanya nini? Kampuni imeshaagiza vioo! Ile ilikuwa lugha ya roshani! Mapambo! Kila mtu anajua!"

"Lugha gani?" ikauliza sauti ya mlangoni. Bi Obdulia alikuwa amepanda ngazi zote bila kushika ukuta.

"Bi Obdulia, mimi nilisema kwa... kwa namna ya kusema."

"Mama wa Kisima hajui lugha ya roshani, Wenceslao. Mwanawe alisema ndiyo yenu iwe ndiyo."

"Padre!" meya akalia. "Mweleze!"

Padre Fructuoso alitazama viatu vyake. "Kwa kweli, ukifuata sheria za Kanisa, utoaji wa namna hii..."

"Sheria hizo, Padre," Bi Obdulia akauliza, "zinasemaje juu ya pikipiki?"

Padre akasema ananusa mwanakondoo wa kuchoma huko chini, na ni dhambi kumwacha apoe.

Jumatatu tingatinga lilikuja, kwani barazani hakuna aliyekuwa na ushujaa wa kulifuta agizo. Lilikuta viti vya kukunja vimepangwa mbele ya lango, akina mama wa chama wamevikalia, wengine na rozari, wengine na sindano za kufumia, na bendera ya Bikira imefungwa kwenye waya. Dereva alikuwa mpwa wa mmoja wao.

"Shangazi, nimeagizwa," akasema kwa mlango nusu wazi.

"Na mimi nimeagizwa. Nenda ukamwambie aliyekutuma aje yeye akae hicho kiti chako."

Dereva akajifanyia ishara ya msalaba, akatia gia ya kurudi nyuma. Adhuhuri meya alikuwa redioni, akieleza jinsi baraza lake lilivyosimama imara kuulinda urithi wa mababu.

Casilda aliposikia hayo alicheka hadi machozi, akanawa uso, akaenda kwa Bi Obdulia kuchukua ufunguo, ambao baraza lilikuwa limeshaukabidhi kwa chama, ili aanze kazi. Alikaribishwa kiti, akapewa biskuti. Ufunguo haukuonekana.

"Kiwanja sasa kina mwenyewe," Bi Obdulia akasema.

"Najua, Bi Obdulia. Mimi ndiye niliyekitoa."

"Aliyetoa hana. Wewe ulikuwa nacho muda wa Aishi mbili, ukakitumia vizuri. Sasa ni cha Mama."

"Kwa hiyo nani atafundisha?"

"Atakayempendeza Mama."

"Na nani anajua nani anampendeza Mama?"

Bi Obdulia akachagua biskuti, akaitazama pande zote kabla ya kuing'ata. Casilda akaanza kuelewa. Alikuwa amekinyakua kiwanja mdomoni mwa mtu ambaye angekivunja, akamkabidhi mtu ambaye angekilinda kiasi kwamba hata mpira usingeingia. Alijiona ameshafika kisiwani, watalii wamepanga mstari.

"Mwaka ule wa Paris," Bi Obdulia akasema ghafla, "niliwasha mishumaa kwa ajili yako. Nikatazama kwenye televisheni. Mechi zote mbili, hadi mwisho."

Casilda akairudisha biskuti yake sahanini.

"Ya kwanza, yule mwanamke alikuwa mgonjwa, kila mtu mwenye macho aliona. Ya pili uliaibika. Lile pigo lako la mkono wa kinyume, mtu akiliona anaingia huruma. Hukushinda kitu, Casilda. Hukuwahi."

Miaka yote, katika mji mzima, hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo. Casilda akajikuta anafuta macho kwa kitambaa cha meza, kilichokuwa cha lesi, na mwenye nyumba akamwachia.

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Mimi hukuniuliza. Na bango si langu." Bi Obdulia akasogeza sahani. "Lakini siku ile ya Mromania niliona jambo. Ulikuwa unapigwa kama ngoma, na kila mpira uliukimbilia, hata ule ambao mbwa angeuacha. Nikasema, huyu ana kichwa kigumu. Mama wa Kisima anapenda kichwa kigumu. Misa unakwenda?"

"Kwenye mazishi."

"Basi sikiliza. Misa ya kwanza kila Jumapili, mstari wa mbele, nikuone. Unaingia chamani, na kwenye maandamano unabeba bendera, bila viatu kama sisi. Sketi ipite magoti, yako na ya wasichana. Kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, mpira unasimama. Na watoto wa wasioweza kulipa wanaingia bure, maana Mama hatozi."

"Bi Obdulia, tutakula nini mimi na mama?"

"Chama kitawalisha. Tunaye yule daktari wa mifugo, tangu pikipiki anatuletea kondoo kila mwezi akidhani tutalegea."

Casilda akawaza juu ya magoti yake na yale mawe ya njia ya maandamano. Akawaza juu ya misa ya kwanza, ambayo huanza jua halijajua kama litatoka. Kisha akanyoosha kiganja, na ufunguo ukatoka mfukoni mwa lile gauni jeusi, ulikokuwa muda wote.

Wiki ile ile watoto walirudi. Kando ya waya, kwenye viti vya kukunja, walikaa akina mama watatu wa zamu wakifuma na kutoa maoni.

"Mbona yule anaugonga kama anaua nzi?"

"Wa kwako ndiye anaua nzi. Wangu anakimbia."

"Anakimbia wapi? Mpira uko huku!"

Karibu na adhuhuri wasichana wawili walianza kupigiana mpira, na mpira ukakataa kuanguka. Ukaenda, ukarudi, ukaenda tena. Kiwanja kizima kikanyamaza, hata sindano za kufumia zikasimama. Casilda alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, hapumui. Ndipo kengele ya mnara ikalia, na Bi Obdulia akasimama kitini.

Wasichana wakamgeukia mwalimu wao. Mpira ulikuwa bado hewani. Casilda akauangalia ukishuka, ukadunda mara moja, mara ya pili, ukabingirika hadi wavuni, naye akainua mkono kujifanyia ishara ya msalaba.

"Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria," Bi Obdulia akaanzisha.

Casilda alijibu alichokikumbuka, na asichokikumbuka alikifuata kwa midomo, kidogo nyuma ya wengine. Walipomaliza akauokota mpira, akaupangusa vumbi jekundu kwa sketi yake ndefu, akamrushia aliye karibu.

"Haya, tena," akasema. "Miguu kwanza."